Gemu katika Macho ya Mkutubi wa Chuo Kikuu

Wanaonifahamu kazini hunijua kama mkutubi wa mifumo: yule anayeitwa Koha, programu ya kuendeshea maktaba, inapogoma, anayepokea tasnifu za wanachuo na kuziingiza katika hazina ya kidijiti, na anayebishana na wenzake kuhusu namna ya kuandika jina la mwandishi. Wanaonifahamu nyumbani hunijua kama mtu mzima ambaye bado anacheza gemu. Kwa muda mrefu pande hizi mbili hazikujuliana hali, nami niliziacha hivyo, kwa sababu katika jamii yetu gemu huhesabiwa kuwa mambo ya watoto na maktaba huhesabiwa kuwa mahali pa kunyamaza. Siku hizi siwezi tena kuzitenganisha. Karibu kila jambo linalonikera kuhusu gemu linaikabili pia maktaba ya chuo kikuu, na mara nyingi wachezaji ndio walioliona mapema na kulipigia kelele, ilhali sisi wakutubi tulikuwa tumekwisha kulitia saini kimyakimya ndani ya mikataba.

Nianze na majina, kwa kuwa huko ndiko kazi ya kuorodhesha vitabu inakoanzia. Waliokulia katika mabanda ya gemu ya Dar es Salaam, ambako aliyefungwa alimpisha mwenzake na aliyeshinda aliendelea kukaa, watazikumbuka gemu za mpira za kampuni ya Konami tulizoziita Winning Eleven, yaani kwa jina la matoleo ya Japani, ingawa Ulaya zilijulikana kama Pro Evolution Soccer. Konami haikuwa na leseni ya timu nyingi za Uingereza, kwa hiyo katika matoleo kadhaa Liverpool iliitwa Merseyside Red, Chelsea ikaitwa London FC na Manchester City ikaitwa Man Blue. Hakuna mtoto aliyepotea. Kila mmoja wetu alijua kwamba majina mawili yanaweza kuwa ya timu moja, na wale waliojaliwa subira waliingia katika sehemu ya kuhariri, wakarekebisha majina na jezi, na wakati mwingine wakaunda Simba na Yanga humohumo ili zikapambane na vigogo wa Ulaya.

Miaka mingi baadaye, nilipofundishwa kutengeneza rekodi za majina ya waandishi, niliikuta kazi ileile imevaa koti na tai. Katika muundo wa MARC, ambao kompyuta za maktaba huutumia kuandikia rekodi na ambao msingi wake uliwekwa na Henriette Avram katika Maktaba ya Bunge la Marekani miaka ya 1960, jina lililokubaliwa la mtu huandikwa katika sehemu ya 100 ya rekodi ya jina, na majina mengine yote ambayo msomaji anaweza kuyatumia huandikwa katika sehemu ya 400, ili atakayetafuta kwa jina lolote kati ya hayo aelekezwe mahali pamoja. (Timu ya mpira, kwa kuwa ni taasisi, ingeingia katika 110 na 410, na najua kuna mwenzangu ambaye angeniandikia ujumbe kama nisingelisema hilo.) Mantiki ni ileile ya bandani: Liverpool hukaa juu, Merseyside Red hukaa chini yake, na msomaji hapotei.

Ugumu huanza pale muundo uliotungwa kwa kufikiria majina ya Kimarekani unapokutana na majina yetu. Alama ya kwanza ya sehemu ya 100 humlazimisha anayeorodhesha aseme kama kinachotangulia ni jina la mtu binafsi, ambapo huweka 0, au jina la ukoo, ambapo huweka 1. Mwana Kupona binti Mshamu hana jina la ukoo la kutangulizwa, wala Muyaka bin Haji hana. Shaaban Robert utamkuta katika katalogi moja chini ya R na katika nyingine chini ya S, na mwanachuo anayetafuta maandishi yake katika katalogi iliyochanganya yote mawili anaweza kuondoka na nusu ya vitabu akidhani ndivyo vyote vilivyopo. Koha, programu iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000 katika maktaba za Horowhenua, inaturuhusu kuyarekebisha haya bila kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa ni programu huria. Lakini haikuambii jina lipi ndilo sahihi. Hilo lazima mtu alijue, au amuulize anayelijua, na mimi mara nyingi humpigia simu mwalimu mmoja mstaafu wa fasihi ambaye anafahamu nani alikuwa mtoto wa nani kuanzia Lamu hadi Kilwa.

Gemu iliyonionyesha vizuri kuliko nyingine zote utamu wa kazi hii ni Return of the Obra Dinn, iliyotolewa na Lucas Pope mwaka 2018. Mchezaji ni mkaguzi wa bima anayepanda meli ya kampuni ya East India iliyopotea mwaka 1803 na kurejea mwaka 1807 bila mtu hai ndani yake. Amepewa orodha ya watu 60, michoro inayoonyesha nyuso zao, na saa ya ajabu inayomrudisha katika dakika ya kifo cha kila maiti anayoikuta. Kazi yake ni kulinganisha sura na jina, kisha kueleza kilichompata kila mmoja. Gemu haimthibitishii kwamba amepatia mpaka awe amepatia watu watatu kwa pamoja, kwa hiyo kubahatisha hakumfikishi mbali. Inambidi asikilize lafudhi, aangalie namba zilizoandikwa kwenye vitanda vya kuning'inia, achunguze viatu, na atambue nani huonekana akiwa na nani. Nimewahi kukaa na sanduku la picha zisizo na maelezo, zilizotolewa na familia ya mhadhiri aliyefariki, na nilifanya hayohayo: mlango wa jengo ulionipa mwaka, joho lililonipa shahada, mtu mmoja aliyetokea katika picha tatu upande uleule wa mwenye sherehe. Sijui gemu nyingine inayolipa uangalifu wa namna hiyo badala ya wepesi wa vidole, na kama ningekuwa na mamlaka juu ya mtaala wa stashahada ya ukutubi ningeiweka katika muhula wa kwanza.

Kuhusu mahali pa kuziweka gemu zenyewe rafuni sina mengi ya kusema. Mfumo wa Dewey umezipa 794.8, jirani kidogo na sataranji iliyoko 794.1, na mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani umezipa GV1469. Namba hizo zinatosha kabisa kwa vitabu vinavyozungumzia gemu, na gemu iliyo katika diski nayo ingepata pa kukaa. Shida ni kwamba siku hizi gemu haifiki rafuni.

Kaseti ya gemu ya miaka ya 1990 au diski ya PlayStation ilikuwa kitu. Ilinunuliwa, ikaazimwa, ikauzwa Kariakoo kwa mtu wa tatu, ikakwaruzika, ikasuguliwa kwa dawa ya meno na kusoma tena. Leo mchezaji hununua haki ya kupakua, na haki hiyo hukaa mikononi mwa aliyeiuza. Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la mashine za 3DS na Wii U, na gemu zilizokuwa zikiuzwa humo tu, bila kaseti wala diski, zikakosa mahali halali pa kununuliwa. Mwezi Septemba wa mwaka huohuo, mkataba wa kampuni ya gemu ya EA na shirikisho la mpira la FIFA ukiwa umekwisha, matoleo ya zamani ya gemu ya FIFA yaliondolewa katika maduka ya kidijiti ili kuipisha EA Sports FC 24. Gemu ambazo vizazi viwili vya vijana wetu vilizicheza zikawa haziuzwi tena humo, ingawa hazikuwa na kasoro yoyote. Tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014, na kwa kuwa haikuweza kuchezwa bila seva hata na mtu aliye peke yake chumbani, waliokuwa na diski walibaki na diski isiyowaka.

Wachezaji hawakunyamaza. Kutokana na kuzimwa kwa The Crew, Ross Scott alianzisha kampeni ya Stop Killing Games, na ombi la wananchi lililoelekezwa kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini 1,000,000 mwezi Julai 2025. Huko California imetungwa sheria, AB 2426, ambayo tangu Januari 2025 inayataka maduka ya kidijiti yamweleze mnunuzi waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Mtu anaweza kusema kwamba hii ni hamaki ya watu wenye muda wa kupoteza. Mimi nilipozisoma habari hizo niliona aibu, kwa sababu mezani pangu kulikuwa na mkataba wa majarida ya kielektroniki wenye masharti yaleyale, na hakuna mwanachuo wala mhadhiri aliyewahi kuandamana kwa ajili yake.

Hebu tulitazame jambo hili kwa undani kidogo. Maktaba ilipokuwa ikinunua jarida la karatasi, malipo yaliposimama matoleo mapya yalisimama, lakini yale yaliyokwisha kufika yalibaki. Miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika, maktaba nyingi za vyuo vikuu vya Afrika zilisitisha majarida ya nje, na pengo hilo bado linaonekana rafuni: majalada yamepangwa mwaka baada ya mwaka, kisha nafasi, kisha mengine yanaanza tena kwa rangi nyingine ya jalada. Ni pengo la kusikitisha, lakini ni pengo la kweli, lenye mwanzo na mwisho, na kilichotangulia kabla yake kipo na kinasomwa. Jarida la kielektroniki halina pengo la namna hiyo. Malipo yakichelewa, kinachofungwa si mwaka huu peke yake. Bila kifungu maalumu katika mkataba kinachotoa haki ya kudumu kwa miaka iliyokwisha kulipiwa, hufungwa mlango mzima, pamoja na matoleo yote ambayo chuo kimeyalipia tangu mwanzo. Mhadhiri hukuta kurasa zinazomtaka alipe dola kwa makala moja, hudhani mtandao una matatizo, na hujaribu tena jioni.

Hatukusaini mikataba hiyo kwa upumbavu. Vyuo vyetu hujadiliana kwa pamoja, Tanzania kupitia muungano wa maktaba wa COTUL na Kenya kupitia ule wa KLISC, kwa sababu chuo kimoja peke yake hakina nguvu mbele ya mchapishaji mkubwa, na mpango wa Research4Life, ambao sehemu yake ya afya, Hinari, ilianza mwaka 2002, umewafungulia wasomaji wetu maelfu ya majarida bure au kwa ada ndogo. Mwanachuo wa udaktari wa leo anafikia makala ambazo mwalimu wake hakuziota. Lakini upatikanaji huo hutegemea kundi ambamo nchi imewekwa katika mpango huo, ridhaa ya wachapishaji na intaneti ya siku hiyo, na tumezoea kuuandika katika ripoti za mwaka kana kwamba ni mali. Tunahesabu majarida "tuliyonayo". Mchezaji aliyenyang'anywa The Crew ameacha kusema ana gemu.

Dawa ya upande wa majarida imekuwapo kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Stanford kilianzisha LOCKSS mwaka 1999 kwa wazo jepesi kulieleza: nakala ziwekwe katika maktaba nyingi, na kompyuta za maktaba hizo zilinganishe nakala zao mara kwa mara, ili iliyoharibika irekebishwe kutoka kwa zilizo nzima. Baadaye wakaja CLOCKSS na Portico, ambao hutunza machapisho ya kampuni kubwa na kuyafungua endapo mchapishaji atayaacha. Kwa upande wa gemu, kazi hiyohiyo imefanywa kwa kiasi kikubwa na watu wasio na ofisi: wanaonakili kaseti, wanaopima alama za faili ili kuhakikisha kwamba nakala ni kamili, na wanaoandika emuleta, yaani programu zinazoifanya kompyuta ya leo ijifanye kuwa mashine ya zamani. Kisheria wengi wao wamesimama mahali pabaya, na kazini nisingeweza kuingiza nakala zao katika hazina ya chuo. Hata hivyo siwezi kujifanya sioni kwamba bila wao sehemu kubwa ya historia hii ingekwisha kupotea. Mwezi Julai 2023, taasisi ya Video Game History Foundation ikishirikiana na Software Preservation Network ilitoa utafiti uliokuta kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena sokoni.

Taasisi zenye jina nazo zimeanza kuamka, baadhi mapema kuliko tunavyodhani. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1992 iliyahesabu machapisho ya midia anuwai kuwa miongoni mwa yanayopaswa kuwasilishwa, na kwa njia hiyo Maktaba ya Taifa ya Ufaransa hupokea gemu kama inavyopokea riwaya. Chuo Kikuu cha Michigan kilifungua hifadhi yake ya gemu mwaka 2008, na humo mtafiti hukaa mbele ya televisheni ya enzi husika na kushika pedi halisi ya kuchezea. Mjini Rochester, New York, jumba la makumbusho la The Strong limekusanya gemu na mashine zake kwa wingi mkubwa. Pamoja na hayo yote, mwezi Oktoba 2024 mamlaka ya hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba na hifadhi ziwafungulie watafiti gemu zisizouzwa tena kwa njia ya mtandao, nje ya majengo yao. Maana yake kwa mtafiti wa Dar es Salaam ni kwamba, ili aione gemu ya mwaka 1994 kihalali, anahitaji viza, tiketi ya ndege na mwaliko. Kitabu cha mwaka huohuo angekiazima kupitia maktaba mbili, au angetumiwa sura moja iliyopigwa picha.

Sasa swali langu ni la nyumbani. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ya mwaka 1975 inawataka wachapishaji wawasilishe nakala za vitabu vyao, na kwa vitabu tunajua la kufanya hata pale utekelezaji unapolegea. Tuna pia mfano bora wa watu waliokusanya kabla ya kulazimishwa na sheria. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata mkusanyo wa miswada ya Kiswahili na Kiarabu ambao orodha yake, iliyoandaliwa na J. W. T. Allen, ilichapishwa mwaka 1970. Na ndani ya orodha hiyo, pamoja na karatasi, zimo kanda za sauti. Kwangu mimi kanda hizo ndizo za kufikiriwa zaidi. Tenzi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu husomeka kwa macho na elimu. Kanda inadai mashine, mashine inadai mkanda wake wa mpira na kichwa kisichoshika kutu, na fundi anayezijua mashine hizo anazeeka. Waliokusanya miaka ya 1960 walitambua kwamba sauti ya msomaji ni sehemu ya utenzi, na wakakubali kubeba mzigo wa chombo kipya kisicho na uhakika wa maisha marefu. Kaseti ya gemu ni mzigo wa jamii hiyohiyo.

Na gemu za kwetu zipo. Kenya ilitoa Ma3Racer mwaka 2011, gemu ya matatu, yaani daladala za Kenya, iliyochezwa katika simu za wakati ule, na mwaka 2015 ikaja Nairobi X, ambamo mchezaji huilinda Nairobi dhidi ya wavamizi kutoka nje ya dunia. Mwaka 2024 Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa Tales of Kenzera: Zau, hadithi ya mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo, ili amrudishe baba yake. Salim aliitunga kutokana na msiba wa baba yake mwenyewe, na mchezaji anaweza kuisikiliza yote kwa Kiswahili. Nimeicheza kwa Kiswahili na kuimaliza. Kuna mahali ambapo mazungumzo yanakwenda kasi kuliko hisia, na mapigano huchosha kidogo kuelekea mwisho, lakini kumsikia kijana akimlilia baba yake kwa lugha yangu kutoka katika spika za mashine ya gemu ni jambo ambalo sikulitarajia katika maisha yangu ya uchezaji.

Ni nani atakayeitunza sauti hiyo? Kazi ya fasihi simulizi ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 2024 kwa njia ya kitabu ingekuwa na njia ya kufika maktabani, iwe kwa sheria, kwa kununuliwa au kwa zawadi. Hii imekuja kama leseni, inategemea maduka ya kampuni chache, na hakuna maktaba ya Afrika Mashariki ninayoifahamu iliyo na utaratibu wa kuipokea. Gemu za simu ziko katika hali mbaya zaidi, kwa sababu hufa hata bila mtu kuamua kuziua. Apple ilipotoa iOS 11, mfumo wa kuendeshea simu zake, mwaka 2017, programu zote zilizokuwa zimeandikwa kwa mfumo wa biti 32 ziliacha kufunguka katika simu zilizosasishwa. Flash, programu iliyoendesha gemu ndani ya kurasa za mtandao, ilipofikishwa mwisho wake tarehe 31 Desemba 2020, ilikwenda na gemu zote tulizozicheza katika intaneti kafe huku tukihesabu dakika, isipokuwa zile ambazo watu wa kujitolea waliwahi kuziokoa.

Kwa kuwa siwezi kuibadili sheria ya Marekani wala kuishauri Nintendo, nimeelekeza nguvu zangu mahali ninapopafikia. Kila mwaka wanachuo wa sayansi ya kompyuta wanaomaliza huwasilisha kazi za mradi, na miongoni mwake huwamo gemu: za bao, za kufundisha hesabu za darasa la tatu, za daladala zinazokwepa mashimo. Utaratibu wa vyuo vingi ni kwamba mwanachuo huwasilisha ripoti, ripoti hugeuzwa PDF, na PDF huingia katika hazina. Tunatunza kurasa 60 zinazoieleza gemu, zenye picha nne zenye ukungu, na gemu yenyewe hubaki katika kompyuta mpakato ya kijana ambayo itauzwa akipata ajira. Ni kama kuhifadhi barua ya posa na kumsahau bibi harusi.

Pendekezo nililolipeleka katika kamati ya maktaba ni kwamba, pamoja na ripoti, tupokee msimbo wa programu, faili inayoweza kuendeshwa, maelezo mafupi ya kila inachokihitaji ili iwake, na video ya mtu akiicheza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Video ndiyo niliyoisisitiza kuliko vyote, kwa sababu hata kama baada ya miaka 20 hakuna emuleta itakayoiamsha gemu, mtafiti ataona ilivyokuwa na atasikia wachezaji walicheka wapi. Kiteknolojia si jambo kubwa. DSpace, programu ya hazina za kidijiti iliyoanzishwa na MIT pamoja na Hewlett-Packard na kutolewa mwaka 2002, hupokea faili ya aina yoyote, huipa kila faili alama ya MD5 na inaweza kuikagua baadaye kama imebadilika. Kwa aina za faili isizozijua huandika tu kwamba hazijulikani, na huo angalau ni ukweli.

Mabishano yalitoka upande ambao sikuutegemea. Suala la ukubwa wa faili lilimalizwa kwa kununua diski. Suala la hakimiliki halijaisha, kwa sababu wanachuo hutengeneza gemu kama wanavyotengeneza mabango ya sherehe: wanachukua wimbo wa Bongo Fleva unaovuma, nembo ya timu waipendayo na sura ya katuni kutoka mtandaoni, na hakuna aliyeomba ruhusa. Gemu ya namna hiyo haiwezi kuwekwa wazi kwa dunia nzima. Nilipendekeza tuzifungie ndani, zichezwe katika kompyuta mbili zilizo kwenye chumba cha marejeo, na nilipokuwa nikisema hivyo niligundua kwamba ninaomba sharti lilelile la Marekani ambalo nimelilalamikia hapo juu. Bado naona ni afadhali kuwa na gemu iliyofungiwa chumbani kuliko kutokuwa nayo, lakini nakiri kwamba tangu siku hiyo nazungumza kwa upole zaidi kuhusu wakutubi wa kule.

Kamati imekubali tujaribu kwa idara moja. Gemu ya kwanza kuletwa ni ya bao, imetengenezwa vizuri, na mwanachuo wake ameandika maelekezo kwa Kiswahili sanifu kuliko ripoti yake ya Kiingereza. Rekodi yake iko tayari isipokuwa mahali pawili. Katika lugha nimeweka swa, kifupi cha Kiswahili, bila kusita, na mahitaji ya mashine nimeyaeleza kwa kirefu, mpaka toleo alilolitumia la Unity, programu ya kutengenezea gemu. Sehemu ya aina ya kitu ndiyo inayotusumbua: orodha yetu inajua tasnifu, makala, ripoti na picha, na orodha ya kimataifa ya Dublin Core inatupa Software (programu) na InteractiveResource (kitu kinachomhitaji mtumiaji ashiriki), ambazo zote mbili zinafaa kwa kiasi. Mimi nataka InteractiveResource, kwa kuwa bao halina maana bila mtu wa kulicheza. Mwenzangu wa kitengo cha kuorodhesha anasema Software, kwa kuwa ndiyo itakayomfikisha mtafutaji haraka. Sehemu ya pili ni jina la aliyeitengeneza, ambaye ana majina matatu na katika ripoti ameyapanga kwa namna moja, katika gemu kwa namna nyingine. Nimemwandikia kumuuliza.